Nukta Iliyolala Mkunya

Kazi yangu ya kwanza baada ya chuo ilikuwa kukaa ghalani Masasi nikitazama nukta. Kila lori lililopanda Newala kuchukua korosho lilikuwa na nukta yake kwenye kompyuta yangu, kwa kuwa kila dereva alipewa simu ya kazi. Niliwafundisha mimi mwenyewe. Kwa woga wa kusahau jambo, moja nililirudia mno: simu isitoke hewani hata kidogo.

Siku za mwanzo madereva waliniita kwenye sinia lao la ugali. "Karibu, bwana kompyuta! Au chakula chetu hakina chaji?" Nilikula huku nikihesabu matonge yangu, nisionekane mlafi.

Wiki ya tatu, nukta ya dereva mkongwe kuliko wote ilisimama Mkunya, kijiji cha juu kabla ya mteremko, saa mbili asubuhi. Saa nne bado ipo palepale. Nilipiga simu, ikaita tu. Nikawaza ajali. Nikawaza mzigo umeuzwa. Nikawaza bosi akiniuliza kwa nini sikusema mapema. Mlinzi wa ghala alikuwa getini, hatua kumi kutoka mlangoni kwangu. Sikumwuliza kitu, yeye hakuwa na kompyuta. Nikamwandikia bosi. Jibu likaja upesi: akifika, chukua ufunguo, aende nyumbani mpaka nitakapoamua.

Saa sita lori likaingia, magunia yote yamekaa sawa.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, mwanangu."

"Simu iko wapi?"

"Nimemwachia mama wa chai pale Mkunya, nikipanda naichukua. Huku mteremkoni haishiki kabisa, na wewe si ulisema isitoke hewani? Nimemkataza hata kuigusa, ni mali ya kazi."

Nilimweleza maagizo ya bosi nikitazama viatu vyangu. Aliuweka ufunguo kiganjani mwangu, ukiwa bado na joto la mkono wake.

"Kosa langu lipi?"

Niliutia ufunguo mfukoni. Alipoondoka kwa miguu, mlinzi akasema, "Ungeniuliza. Dereva aliyepanda asubuhi kapishana naye njiani, alipofika juu akanipigia. Sisi ndivyo tunavyojuana."

Nilitakiwa kumwandikia bosi palepale kwamba kosa ni langu. Niliandika, nikafuta. Mkataba wangu ulikuwa wa majaribio. Niliandika tena kwa maneno ya kujikinga, nikafuta. Siku mbili lori lake lilisimama uani na mimi nikila mkate peke yangu ofisini, maana sinia liliwekwa nyuma ya ghala na hakuna aliyekuja kuniita. Siku ya tatu nilituma mistari miwili: nilitoa maelekezo mabaya, dereva aliyafuata.

Alirudishwa kesho yake. Mimi nilipewa onyo, nikabaki.

"Shikamoo."

"Marahaba." Ile "mwanangu" haikuja. Nilimpa simu yake, ambayo dereva mwenzake aliichukua kwa mama wa chai, nikamwambia akae nayo, mtandao ukikatika mteremkoni si neno. Akaitia mfukoni, akawasha gari.

Siku hizi nukta yake hushuka vizuri kutoka Newala, kisha hupotea kwenye kona za mteremko. Hapo natoka ofisini, nakwenda getini kumwuliza mlinzi kama kuna aliyepishana naye.

"Yuko njiani," hunijibu bila kugeuka.

Nasimama kidogo, nikisubiri aseme karibu ukae. Halafu narudi kwenye kompyuta.