Shamba Yenye Ilikunywa Chumvi

Kama mutu anakuambia chumvi iko kitu kidogo, ujue huyo hakuishi Lubunga, ngambo ya mto ya Stanleyville, wakati ya rébellion. Indépendance ilikuja na bière na dansi, tukacheza mpaka viatu ikaomba ruhusa. Kisha vita ikafika, mashua za kutoka Léopoldville zikaacha kupanda mto, na chumvi ikapotea kabisa kwa soko. Sombe, majani ya muhogo, bila chumvi ni kama kutafuna mukeka. Bwana yangu alikuwa anakula na macho ya kufunga, sawa mutu anameza dawa.

Mama mukwe yangu hakukubali ile maisha. Alikuwa mwanamuke mufupi, mais sauti yake ilivukaka mto bila pirogue. Akatutuma kutoa majani ya maji, ile yenye kuelea kwa mto na maua ya bulu, watu walikuwa wanaita Kongo ya sika, Kongo mupya. Tukaanika, tukachoma, majivu tukaweka ndani ya kitunga, tukamwanga maji juu. Maji yenye ilichurura chini, tukachemsha mpaka ikabakisha chumvi nyeusi-nyeusi, kali. Moshi yake peke yake ilitosha kutia chumvi kwa samaki zenye zilikuwa bado zinaogelea.

Bon, kazi yote ile tulifanya nyuma ya nyumba, kwa shamba yetu ndogo. Na siye watu wa pori tunajua majivu iko baraka: unakata, unachoma, unapanda, mupunga inatoka. Donc mama mukwe akauliza: "Majivu kidogo inaleta mupunga. Majivu mingi italeta nini?"

Siye wote tuliona jibu: italeta chakula ya kulisha Stanleyville muzima. Tukamwanga majivu yote pale, na maji ya kuosha sufuria za chumvi juu yake. Tukapanda muhindi.

Muhindi ikatoka urefu ya kidole, ikaungua ncha kama ilikuwa inavuta sigara, ikakufa. Muhogo ikaifuata. Jua ikiwaka, udongo ilikuwa inatoa unga mweupe, na mbuzi za jirani zilikuja kulamba shamba yetu kila asubuhi, kwa heshima, sawa watu wa misa.

Tulicheka, mais kicheko ilikuwa fupi. Shamba kubwa ya mama mukwe ilikuwa mbali ndani ya pori, na pori wakati ile ilikuwa na bunduki kupita nyani. Chakula ya nyumba ilitegemea ile shamba ndogo tu, na sasa ilikuwa imekufa. Alors, siku moja mama akajifunga kitambaa kwa kiuno, akachukua panga.

"Mama, unaenda wapi?" bwana yangu akauliza.

"Kwa muhogo yangu."

"Kule wanapiga watu masasi."

"Hapa njaa inatupiga. Masasi iko na haraka angalau."

Nikamushika mukono. "Mama, ungoje hata mvua moja ipite."

"Muke ya mutoto yangu, mvua itaotesha nini hapa? Mbuzi?"

Nikamuvuta mpaka pembeni ya lundo ya majivu. Pale kwa ubaya yote, lengalenga, ile muchicha ya pori, ilikuwa imetoka yenyewe, bila mutu kuipanda, imenona kama mukubwa wa bureau. Mama akainama. Akatafuna jani moja, polepole.

"Hii haina haya," akasema. Akaweka panga chini. "Mvua moja. Kisha ninaenda."

Tukafanya kazi kama watu wamerukwa akili. Tukakwangua ule unga mweupe, tukautupa mbali. Bwana yangu akachimba mufereji kuteremuka mpaka kwa mto, akachimba sana, nikaogopa atatokea Ulaya. Jirani yetu, baba moja muislamu mwenye kinu ya mupunga na zile mbuzi, akatupatia maganda ya mupunga, vitunga na vitunga.

"Na mavi mubebe," akatuambia. "Mbuzi zangu zilikula chumvi yenu, mimi si mwizi, ninarudisha."

Tukachanganya yote kwa udongo. Mvua ikanyesha mpaka samaki zikatafuta parapluie ya kujifunika. Bwana yangu akaonja maji ya mufereji, akatema. "Inatoka," akasema. "Chumvi inatoka."

Tukamwanga mbegu ya lengalenga. Ikatoka, tena ikapanda, kuku zikawa zinapotea ndani na kuitana. Siku ya kupika, sikutia chumvi hata kidogo. Mama mukwe akaonja, akaniangalia.

"Nani ametia chumvi mingi hivi?"

"Shamba, mama."

Akaomba sahani ingine. Nyuma ya ile tukapanda matembele, na mwisho muhindi nayo ikakubali. Mama hakukanyaga pori tena mpaka vita ikaisha. Alikufa muzee sana, kwa kitanda yake, akigombana na mimi sababu supu haina chumvi.