Godelive kwenye Benchi la Watoto

Pale walipochagulia kahawa, Butembo, hapakuwa na vidole vyepesi kama vya Godelive wa mtaa wa Mususa. Siku nzima aliketi kwenye mkeka na wanawake wenzake, rundo la kahawa mbele yake, akitenga punje nzima na zilizovunjika, na wala macho yake hayakuwa kwenye kahawa. Yalikuwa kwa yule anayesimulia, maana kazi ile bila masimulizi huvunja mgongo. Alikuwa mwanamke mnene kidogo, miaka arobaini na minne, mwenye kicheko kilichosikika hadi barabarani.

Mtoto hakujaliwa. Mumewe, Muyisa, alikuwa seremala, na dada zake Muyisa walikuja mara nyingi kumshauri aoe mwanamke mwingine. Yeye hakuinua hata kichwa kutoka kwenye randa.

"Miye nilioa Gode," aliwajibu. "Sikuoa tumbo."

Basi wakachoka, wakaacha.

Mambo ya kucheza na watoto yalianza wakati wa vita. Siku moja ya mwaka 2000, mchana, risasi zililia upande wa Vulamba, na watu waliokuwa njiani wakakimbilia ukumbi wa parokia. Godelive alijikuta ameketi sakafuni katikati ya watoto zaidi ya ishirini, wengine hata hawajui mama zao wako wapi, wote wanalia kwa sauti moja. Akaona changarawe karibu na mlango. Akaziokota, akampa kila mtoto jiwe moja, akawapanga duara, akaanza wimbo wa Kinande aliokuwa akiuimba utotoni kule kijijini kwao: kila pigo la wimbo, jiwe lako unaliweka mbele ya jirani, na la jirani wa upande wa pili unalipokea. Anayechelewa, mawe yakamrundikia, anatoka, na mawe yake yanabaki mchezoni. Risasi ziliponyamaza na wazazi wakaja, watoto walikataa kuondoka mpaka mshindi apatikane.

Tangu siku ile, kila Jumamosi alasiri, Godelive alikuwa uani kwa parokia, kwenye kikundi cha watoto cha Masera Elikia, mtawa kijana aliyetumwa kutoka mkoa wa Équateur. Hakuitwa kusaidia. Hakuwa mwalimu wala mlezi. Alikuja kucheza, basi, na akitolewa kwenye duara alinuna kama wanavyonuna wengine.

Ikafika Agosti 2003. Kule Kinshasa serikali ya mpito ilikuwa imekwisha kuapishwa, barabara zilianza kupitika, na Masera akaleta habari: watoto wa Butembo na wenzao wa Beni wangepelekwa Ziwa Edouard, wapande boti kubwa ya injini, watembezwe majini siku nzima na michezo yao. Kutoka kwenye vilima, siku ya mbingu safi, Godelive alikuwa ameliona lile ziwa kwa mbali, jembamba kama uzi. Kulikaribia hajawahi.

Kwenye mkutano wa wazazi alinyoosha mkono. Aliyeongoza alikuwa Kambere, mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa haki lakini mpenda kanuni.

"Mwalimu, na miye naomba nafasi."

"Utasindikiza mutoto wa nani?"

"Wa mutu hapana. Nitajisindikiza miye mwenyewe."

Ukumbi ukacheka. Kambere alisubiri kicheko kipite.

"Mama Godelive, tunakuheshimu sana. Mais hii safari ni ya batoto. Mutu mukubwa asiye na mutoto ataenda kufanya nini kule?"

"Kucheza."

Mzazi mmoja nyuma akasema kila mtu mzima akitaka kucheza, basi watoto watabaki pwani wakichunga viatu. Mwingine, kwa sauti ya huruma, akasema, "Mumuache tu aende, maskini." Huruma hiyo ilimchoma Godelive kuliko kile kicheko, na alikuwa karibu kukaa chini na kuyaacha yote, lakini Masera Elikia akasimama.

"Tangu miaka tatu," alisema, "kila samedi ninaona mutu mukubwa mumoja tu katika kikundi. Ninyi bazazi munaleta batoto mulangoni, munaenda. Donc kama boti iko na nafasi moja, miye ninajua ni ya nani."

Kambere alikuna kidevu. Mwishowe akakubali, kwa sharti: Godelive angeketi na watu wazima, na michezo ingekuwa ya watoto. Godelive akaitika haraka haraka, kama mtu anayeogopa mlango usije ukafungwa.

Nyumbani Muyisa alimtazama akipanga kikapu tangu siku mbili kabla.

"Sasa ukifika kule utaogopa maji, urudi unalia."

"Nikilia, batoto watanibembeleza," alimjibu.

Siku yenyewe waliondoka kwa lori mbili, moja ya Butembo, na nyingine iliyokuwa imeleta watoto wa Beni jana yake. Kabla ya mteremko wa kwenda ziwani palikuwa na kizuizi. Askari mmoja, Blaise jina lake, kijana mrefu ambaye Kiswahili chake kilijaa Lingala, alichukua karatasi ya majina akaanza kuita: mzazi, kisha mtoto wake; mzazi, kisha mtoto wake. Watu walikuwa kimya. Miaka ile, kwenye kizuizi, hata mtoto mchanga alijua kunyamaza.

"Godelive. Mutoto wako ni nani?"

"Siko na mutoto, chef."

"Haiko na mutoto? Na uko ndani ya lori ya batoto? Unaenda wapi?"

Kambere alianza kueleza, lakini askari akamwinulia mkono. Godelive aliona hakuna cha kusema isipokuwa ukweli.

"Ninaenda kucheza na bo, hawa batoto."

Blaise alimtazama kuanzia kilemba hadi viatu. Kisha mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka mpaka bunduki ikateleza begani, akamwita mwenzake aje amwone mama anayekwenda kucheza, akarudisha karatasi bila kumaliza kusoma majina.

"Pita, mama. Pita! Ukicheza, cheza na kwa ajili yangu. Miye niko hapa tangu mwaka mbili, hata mupira sijagusa."

Lori zilipopita, watoto walipiga kelele za furaha. Hata Kambere alitabasamu, ingawa aligeukia pembeni asionekane.

Ziwa lilikuwa kubwa kuliko alivyodhani. Godelive alisimama ukingoni akashindwa kuongea, jambo ambalo wenzake wa kahawa wasingeliamini. Boti ilikuwa ya mbao, ndefu, imepakwa rangi ya buluu, na mabenchi mawili marefu: la nyuma la watu wazima, la mbele la watoto. Aliketi nyuma kama alivyoahidi. Kushoto kwake wanaume waliongea habari za mabati na saruji. Kulia kwake wanawake waliongea habari za watoto wao, nani amepanda darasa, nani ana minyoo. Alivumilia hadi boti ilipoacha ufuo.

Huko mbele Masera alitoa mfuko wa mawe.

Kila mtoto alipochukua lake, likabaki jiwe moja lisilo na mtu. Watoto wa Butembo wakageuka wote pamoja kumwita shangazi yao aje, "Tantine Gode! Kuya!" Godelive alimtazama Kambere. Kambere akatazama maji. Godelive alihesabu hilo kuwa ndiyo, akavua viatu, akaenda.

Walicheza huku boti ikipita kandokando ya ufuo, ndege weupe wakiruka juu yao. Wimbo ulikwenda polepole, kisha haraka, kisha haraka zaidi. Mmoja baada ya mwingine wakatoka. Mwishowe wakabaki wawili: Godelive, na msichana wa miaka tisa kutoka Beni, mtaa wa Beu, anaitwa Léa, mwembamba, macho makali, ambaye hakuwa amekosea hata mara moja. Zawadi ilikuwa boksi ya kalamu za rangi. Watoto wote walikuwa wamesimama wakipiga makofi, na Godelive akasahau boti, akasahau umri wake na ahadi yake. Vidole vya kahawa vilifanya kazi yao. Mawe yakamrundikia Léa.

"Nimeshinda!" Godelive alipiga kelele, mikono juu, na Masera, kwa mazoea, akamkabidhi boksi.

Ndipo alipouona uso wa Léa. Mtoto hakulia, lakini mdomo ulitetemeka. Mama yake, Rébecca, alikuwa amekwisha kuinuka kutoka benchi la nyuma.

"Mama," alisema Rébecca, kwa adabu iliyokuwa kali kuliko tusi, "sasa hizo kalamu utamupelekea nani?"

Boti nzima ilisikia. Godelive aliweka boksi mapajani mwa Léa, akaokota viatu vyake, akarudi nyuma, akaketi mwisho kabisa, akiangalia povu la injini. Wazazi wakaanza kunong'ona. Wengine walisema Rébecca amekosa adabu. Wengine walisema hapana, amesema kweli, mtu mzima hawezi kumnyang'anya mtoto mchezo wake. Na Godelive, ukitaka kujua, alikuwa upande wa hao wa pili. Ushindi ule ulimtia haya.

Walishuka kwenye kijiji cha wavuvi, wakala samaki wa kuchoma na ndizi. Godelive alikuwa akila peke yake kwenye kivuli cha mtumbwi uliopinduliwa, Léa alipokuja na boksi mkononi.

"Shika zako."

"Ni zako, mutoto wangu. Miye ni mutu mukubwa, nilikosa."

"Hapana!" Léa alikasirika kweli. "Ulinishinda. Zawadi ya kupewa sitaki. Ninataka kukushinda weye."

Godelive alimtazama. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akakumbuka jinsi yeye mwenyewe alivyochukia, akiwa na umri ule, wakubwa walipomwachia ashinde.

"Tukirudi ndani ya boti?"

"Tukirudi. Na ukiniachia, nitajua."

Habari zilienea kabla samaki hawajaisha. Boti ilipogeuza kurudi, hakuna aliyebaki kwenye benchi la nyuma. Wanaume waliacha saruji yao, wakasogea kuona. Kambere, bila kuombwa na mtu, alijifanya refa, akakunja mikono ya shati na kutoa kanuni tatu ambazo hakuna aliyezisikiliza. Rébecca alisimama nyuma ya binti yake, uso umekaza.

Wimbo ukaanza. Mara hii waliimba wote, wakubwa na wadogo, na boti ikayumba kwa makofi yao. Mara ya kwanza sare. Mara ya pili sare. Mara ya tatu wimbo ulikuwa umekwenda mbio hata Masera akakatika pumzi, na hapo hapo, karibu kabisa na ubavu wa boti, kiboko akaibua kichwa akakoroma. Wakubwa wakapiga yowe. Godelive akageuza shingo, kufumba na kufumbua tu, na jiwe likamponyoka likaingia kati ya mbao. Léa hakugeuka hata kidogo. Hata kiboko angepanda ndani, asingemwona.

"Léa ameshinda!" Kambere alitangaza, amelowa jasho.

"Amemuachia," mtu mmoja akasema.

"Haki ya Mungu sikumuachia!" Godelive alisimama. "Ni ule munyama!"

"Hakuniachia," Léa akasema, akikumbatia boksi. "Niliangalia mikono yake." Ikaisha hivyo, maana nani angebishana naye?

Walipokuwa karibu na ufuo, Rébecca alikuja kuketi kando ya Godelive. Alikunjakunja ncha ya kitenge.

"Mama Godelive, nilisema bila kufikiri."

"Ulifikiri," Godelive alimjibu. "Mais sasa umefikiri tena."

Rébecca akaangua kicheko, akakificha kwa mkono, kikamshinda. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Ule wimbo unaanza namna gani? Huyu mutoto ataniua kuanzia kesho. Nyumbani hakuna mwingine wa kucheza naye, na miye sijui." Na hapo, kwenye benchi la watoto, Godelive alimfundisha, polepole, jiwe kwa jiwe.

Mwezi wa Desemba ilikuja barua kutoka Beni, mwandiko wa mtoto wa darasa la nne, ikimwalika Tantine Gode kwa sikukuu ya Noeli. Muyisa alisema hawezi kumwacha asafiri peke yake, ingawa barabara siku hizo ilikuwa imetulia. Walipofika Beu, uani kwa Rébecca palikuwa na duara kubwa kuliko zote: Léa na rafiki zake, Rébecca mwenyewe na jirani zake wawili, mume wa Rébecca aliyekuja kuchungulia akashikwa mkono. Wakamlazimisha Muyisa aketi. Alisema yeye ni mzee, ana magoti mabaya, hajui kuimba, lakini hakuna aliyemsikia.

Alikuwa wa kwanza kutoka. Watoto walimshangilia kwa kumfukuza hadi kwenye kiti cha wageni, akaketi huko na soda yake, akimtazama mkewe akipitisha mawe na kuimba kwa sauti ya juu kuliko wote. Baada ya duara mbili aliweka chupa chini.

"Miye sikuwa tayari," aliwaambia. "Tuanze upya."