Kuku mweupe mwenye nyama nyeusi alivyotaka kuvunja posa ya binti yangu

Wakuu, salamu kutoka Lushoto, huku ambako saa hizi mwenzenu naandika nikiwa na koti na soksi.

Mimi nilishajiaminisha kwamba hakuna kitu duniani kinachoweza kunishangaza. Nimeishia darasa la tano. Nimebeba kabichi kichwani kutoka shambani mpaka barabarani, shingo ikaingia ndani. Leo nina Fuso mbili, gesti yenye maji ya moto na nyumba ambayo ukipita mbele yake lazima ugeuke. Nimetapeliwa na watu wenye tai, nikatapeliwa na watu wenye kanzu. Mtu kama mimi unamshangaza na nini?

Hiki ninachoandika kimetokea sebuleni kwangu. Mashahidi wapo, na mmoja wao yumo humu humu, anasoma kimya kimya. Anayeona hii ni chai aongeze sukari anywe.

Sasa kwanza mnielewe nilivyo.

Nina ugonjwa wa kuuliza. Siulizi mambo ya faida, hayo kila mtu anauliza. Mimi nauliza vitu ambavyo ukishajua huwezi kuviuza popote.

Nimewahi kusimamisha Fuso imejaa nyanya ili niangalie kinyonga mwenye pembe anavuka barabara. Mnamjua mwendo wake: hatua moja, anatafakari, anarudisha, anatafakari tena. Utingo wangu akawa anapiga bodi, "Bosi, nyanya zinaiva!" Nikamwambia ziive.

Nimewahi kumfuata bwana shamba ofisini kumuuliza karoti ilianzaje kuwa na rangi ile. Akaniuliza, "Una tatizo gani na karoti zako?" Sina tatizo. Nataka kujua tu. Aliniangalia kama mtu aliyekuja kukopa.

Kuna mzungu mmoja mzee, mwalimu mstaafu, alikuja kutembea Irente, mvua ikamfungia kwenye gesti yangu. Kiswahili chake kilikuwa cha kubabaisha, Kiingereza changu usiseme, lakini tuliongea. Akanisimulia tamthilia za kale za kwao, zile za wafalme wanaouana na mizimu inayokuja kudai haki. Mimi nikamuuliza, "Na malkia alikuwa anaigiza nani?" Akasema zamani hizo wanawake walikuwa hawaruhusiwi jukwaani, kwa hiyo wavulana wanavalishwa magauni na kupakwa poda, ndio wanakuwa malkia.

Nilicheka wiki nzima. Niko Soni napakia viazi, nacheka peke yangu.

Mke wangu, Mama Rehema, anasema kichwa changu ni stoo ya vitu vibovu. Shemeji zangu wanasema ningetumia akili hiyo kwenye biashara ningekuwa na Fuso kumi. Mimi nawajibu, hao wenye Fuso kumi wanajua nini kuhusu magauni ya malkia?

Tuje kwenye kuku.

Siku moja niko Dar nasubiri mzigo ushushwe, nikaona kwenye simu picha ya kuku mweupe, manyoya kama pamba. Nikadhani ni paka. Nikatafuta aliyeweka picha, kumbe anauza kuku wa mapambo hapo hapo mjini. Nikamfuata.

Wakuu, yule kuku ana vidole vitano kila mguu. Hesabuni wenu nyumbani, vinne. Masikio yana rangi ya bluu. Kuruka hawezi, kwa sababu yale manyoya hayashiki upepo. Na ukiyapuliza manyoya yakaachana, chini yake ngozi ni nyeusi kama sufuria ya kuni. Muuzaji akasema mpaka nyama ni nyeusi, mpaka mfupa. Akasema huko Uchina wanampika supu na kumpa mama aliyejifungua.

Nikanunua jozi, jogoo na tetea. Nikawaleta Lushoto kwenye tenga, wamekaa mbele na mimi kwenye Fuso, utingo kahamia nyuma na matenga matupu. Alininunia mpaka Mombo.

Kila jioni nilikuwa nakaa na kahawa yangu nawaangalia. Basi. Hakuna kingine nilichokuwa nafanya nao. Mtu akiniuliza "wanataga sana?" namwambia hapana. "Wana nyama?" hapana. "Sasa wa nini?" Wa kuangalia.

Ikaja posa ya Rehema, binti yangu wa kwanza. Kijana ni mwalimu, kwao Muheza. Wanapendana, na mimi nimempima nikamkubali, maana nilimuuliza maswali yangu matatu ya kijinga na hakukasirika.

Siku ya wageni, dada yangu mkubwa Zaina akaja kusimamia jiko. Yeye ndiye shangazi wa binti, siku hiyo neno lake halipingwi, hata na mimi mwenye nyumba. Na kwetu, kwenye ukoo wetu, kuku wa posa lazima awe mweupe asiye na doa. Maana yake tunawaambia wageni moyo wetu ni mweupe kwenu. Kuku wa rangi utampika siku nyingine.

Mimi asubuhi hiyo nilikuwa nimeteremka kufuata kreti za soda. Mama Rehema alikuwa anapanga sebule. Dada akatoka uani, akaangaza macho. Kuku wa kienyeji wamejaa, wekundu, wa madoa, kishingo, kidimu. Mweupe asiye na doa akamwona mmoja tu, tetea wangu; jogoo alikuwa bado bandani.

Mnajua kilichofuata.

Akamwita ustadhi jirani, akachinja kwa bismillahi. Dada akaanza kunyonyoa. Akakuta ngozi nyeusi.

Baadaye nilimuuliza, "Dada, uliona ngozi ile ukaendelea?"

Akasema, "Mdogo wangu, nilidhani ni uchafu wa banda. Nikamsugua kwa limau mpaka limau zikaisha. Wageni wameshapiga hodi, ningefanyaje? Nikazidisha manjano na nazi."

Mimi naingia na soda, wageni wameshakaa. Mshenga alikuwa Mzee Mhina, mtu wa makamo yangu, kanizidi kidogo, mwenye kofia na maneno. Alikuja na baba mdogo wa kijana na bibi mzaa baba, Bibi Mwanaidi. Wamejifunika makoti na mitandio, wanalalamika baridi. Nikawaamkia, tukataniana, watu wa bondeni na watu wa mlimani, mambo yakawa mazuri.

Chakula kikaletwa. Kwa heshima, mshenga ndiye anafunua bakuli la kuku.

Mzee Mhina akafunua.

Mchuzi wa njano unang'aa, na katikati yake vipande vyeusi kama vimetoka kwenye moto wa kuchoma mkaa. Akachukua kimoja kwa kijiko, akakigeuza. Nyama nyeusi. Mfupa mweusi. Akakirudisha taratibu kama mtu aliyekanyaga nyoka na hataki amwamshe.

"Mgosi," akaniambia, "hiki ni nini?"

"Kuku," nikasema.

"Kuku nawajua. Nauliza hiki."

Baba mdogo mtu akasogeza kiti nyuma. Akanong'ona lakini tulimsikia wote, "Tulionywa kuhusu milima hii."

Nikaangalia mlangoni. Rehema amesimama na jagi la kunawia, kitenge kipya, jagi limelala, maji yanamwagika kwenye zulia. Aliniangalia mimi. Maisha yake yote yalikuwa kwenye lile bakuli.

Nikaanza kueleza. Aina ya kuku, manyoya ya pamba, vidole vitano, Uchina. Kadiri ninavyoeleza ndivyo ninavyozama. Mzee Mhina akasema, "Nyeupe nje, nyeusi ndani, siku ya posa. Na wewe ulikuwa unajua! Mtu angekuwa amesoma kidogo angetafuta uongo wenye akili."

Hapo wakuu damu ilinipanda.

Akasimama, akasema wao wanaondoka, na kama tunataka wafikirie kurudi, kwanza niombe msamaha mbele ya watu na nitoe mbuzi wa kuondoa lile walilooneshwa.

Mama Rehema akanivuta shati. "Baba Rehema, omba msamaha yaishe. Mtoto analia."

Mbuzi ninao. Msamaha pia mdomo unao, hauna gharama. Lakini fikirieni. Nikiomba msamaha, nimekubali mimi ni mchawi. Binti yangu ataingia kwenye ile nyumba kama mtoto wa mchawi, na kila mtoto atakapougua homa watataja jina langu. Nikasema hapana.

Nikakaa kitako, nikavuta bakuli, nikachukua paja nikala. Nikala na la pili. Nikawaambia, "Mzee wangu, mimi nimeishia darasa la tano, sikatai. Lakini nilichokula nakijua mpaka masikio yake yalikuwa na rangi gani. Wewe umesoma, umekiona leo kwa mara ya kwanza na ukaogopa. Siombi msamaha kwa kujua."

Hata dada Zaina jikoni aliacha kugonga sufuria.

Mzee Mhina akashika fimbo yake. Baba mdogo akavaa viatu.

Halafu ikasikika sauti kwenye kona, nyembamba.

"Masikio yake yalikuwa na rangi gani?"

Bibi Mwanaidi. Alikuwa hajasimama.

Nikasema, "Bluu, shikamoo bibi."

"Marahaba. Bluu ya nini, ya kanga au ya mbinguni?"

"Ya mbinguni, bibi. Asubuhi mapema."

"Na yai lake jeusi?"

"Hapana bibi. La kawaida, kama maziwa yenye chai kidogo."

"Na damu?"

"Nyekundu kama yetu."

Mzee Mhina akasema, "Mama, tunaondoka."

Bibi akamjibu bila kumtazama, "Ondokeni, mnisubiri kwenye gari. Mimi nimezaa, nimezika, nimezeeka, kila siku naletewa kuku yule yule. Leo nimeona kitu kipya, wewe unanikimbiza?" Akanigeukia mimi. "Mwanangu, mwingine yupo?"

Nikatoka mbio uani nikarudi na jogoo. Nikamweka mapajani kwa bibi. Jogoo ametulia kama mtoto aliyeoga. Bibi akahesabu vidole, akarudia. Akapuliza manyoya, akaona ngozi. Akacheka, wakuu, kicheko cha msichana. Akamwita Mzee Mhina, "Njoo uone uchawi wako umefuga kidole cha tano."

Mzee akaja, kwa shingo upande. Akainama. Akagusa. Nilimwona anahesabu kimoyomoyo, midomo inacheza.

Bibi akanawa, akachukua kipande, akatafuna. Tukamwangalia wote. Akasema, "Kuku. Chumvi imepungua." Dada Zaina akapiga kigelegele huko huko jikoni, na sijui alikuwa anashangilia nini, maana ametukanwa.

Hapo ndipo nilipokubali kwamba bado kuna kitu kinaweza kunishangaza. Nilidhani huu ugonjwa wa kuuliza ninao peke yangu Tanga nzima.

Hawakuondoka mpaka magharibi. Bibi aliuliza mpaka habari za kinyonga. Alipofika kwenye malkia ambaye ni mvulana chini ya poda alicheka mpaka mtandio ukaanguka. Mzee Mhina alipokea majibu ya posa akiwa anakula kipande cha tatu, na mbuzi hakutajwa tena. Ndoa imeshafungwa, Rehema yuko Muheza. Bibi alitaka jogoo aende naye siku ile ile, nikampa. Sikumnyima. Mtu wa kunyimwa kitu kama kile hakuwa yeye.

Baada ya siku chache akapiga simu. Hata salamu hakumaliza. "Mwanangu, umeniletea bwana harusi bila bibi harusi. Analia mchana kutwa." Ikabidi nirudi kwa muuzaji wa Dar, nikachukua tetea wawili wa kwake na jozi nyingine ya kwangu. Sasa naona kila jioni bibi ananipigia kunisimulia walivyolala. Mzee Mhina naye nasikia anapitapita pale kwa kisingizio cha kusalimia.

Funzo? Mimi sina maneno ya kitabuni. Ninachosema, msikubali mtu awaambie kitu fulani hakina kazi. Kazi tunazo wote, mimi naamka na kabichi nalala na kabichi. Lakini ile nusu saa ya kuangalia kuku asiye na faida, hiyo ni yangu, sijamwibia mtu, na hakuna mshenga atakayenipigisha magoti kwa sababu yake. Wenye kusema wa nini waendelee kusema wa nini. Ila mkifuga kitu cha ajabu, mwambieni anayepika.

Haya, uwanja ni wenu. Na wewe una kitu gani unakijua ambacho hakikuingizii hata senti na nyumbani wanakucheka? Kiweke hapa, tusome.

Na kabla hamjakimbilia kuniuliza hesabu, najumlisha mwenyewe: jozi ya kwanza, tetea wa bibi, jozi ya pili, matenga, soda na zulia lililoloana. Shilingi laki sita, elfu arobaini na saba na mia tano.