Kikoi Kimoja Chini ya Gomesi

Sioni haya kusema kwamba mwaka ule nilinenepa, na nilijivunia kila ratili. Wenzangu hujisifu kwa nyumba na kwa watoto. Mimi najisifu kwa nyonga zangu, maana nilizitafuta kwa jasho wakati Kampala nzima ilikuwa ikipanga foleni ya sukari.

Nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya serikali huko Nakasero, na nilikuwa nimeingiwa na wazimu wa kukonda. Wasichana wa ofisini tulitaka miili ya kuvalia sketi fupi. Asubuhi chai ya rangi, mchana yai moja la kuchemsha, jioni kipande cha papai, basi. Kisha serikali ikapiga marufuku sketi fupi, askari wakawa wanakamata wasichana barabarani, nami nikabaki na magauni marefu yanayoning'inia. Ungedhani ningeacha. Wapi! Nilikuwa nimezoea kusikia njaa na kuiita ushindi. Nywele zilikatika, baridi ilinikaa mwilini hata kwenye jua la saa saba, na siku zangu za mwezi zikapotea kabisa. Mama alilia, nikamwambia hajui mambo ya mjini.

Ndipo kaka yangu, ambaye alikuwa polisi, akapata mchumba, binti wa Kiganda wa Kamwokya. Kwao, kabla mwanamume hajaenda kwa wazazi, hupeleka kwanza kikapu cha zawadi kwa senga, yaani shangazi wa binti, na neno la senga ndilo linalofungua mlango au kuufunga. Mimi nilikuwa dada yake wa pekee, kwa hiyo kubeba kikapu, kupiga magoti na kukikabidhi ilikuwa kazi yangu, nikiwa nimevaa gomesi, lile gauni refu la Kiganda linalofungwa mshipi chini ya kiuno. Na gomesi ni vazi la mtu mwenye mwili. Aliyepungukiwa hufunga kikoi kizito kwa ndani ili nyonga zijae. Mimi nilifunga vitatu.

Kwa senga, kupiga magoti niliweza. Kuinuka ndiko kulikonishinda. Macho yaliingia giza, nikashika meza, na vikoi vikateleza mpaka kimoja kikachungulia chini ya gomesi mbele ya wote. Chakula kilipoletwa, kuku aliyepikwa ndani ya jani la mgomba, nilimdonoa kidogo nikalifunika jani. Senga, mwanamke mnene mwenye sauti ya taratibu, aliona yote.

"Huyu ni dada yako ya tumbo moja?" akamuuliza kaka.

"Ndiyo, Senga. Lakini hapana njaa. Yeye mwenyewe najikondesha."

"Mutu najikondesha mwenyewe, na sukari hakuna?" Hakucheka. "Kama dada iko hivi, mutoto yangu atakula nini kwenu? Mukuje tena wakati ya senene. Nitaangalia." Senene ni panzi wa kuliwa wanaokuja na mvua, kwa hiyo alikuwa ametupa miezi kadhaa.

Kaka hakunigombeza njia nzima ya kurudi kwetu Nateete. Angenigombeza ningemjibu. Kimya chake ndicho kilichoniuma, kwa kuwa ndoa yake sasa ilikuwa imefungwa kwenye kiuno changu, na wote wawili tulilijua hilo.

Nilianza vibaya, kwa pupa. Nilijijaza mihogo ya kukaanga na soda mpaka tumbo likavimba na nikatapika yote. Mama, Mnubi asiyekuwa na maneno mengi, aliniosha uso.

"Mwanangu, tumbo yako imesahau kazi," akasema. "Tutaifundisha pole pole."

Akanipa uji wa wimbi uliochanganywa na simsim, yaani ufuta, iliyosagwa, kikombe kidogo, halafu kingine baadaye. Yakafuata maharage, dagaa wa ziwani, na matoke kwa mchuzi wa karanga. Mafuta ya kupikia yalikuwa yametoweka madukani, lakini karanga zina mafuta yake zenyewe na soko la Nateete halikuzikosa. Ofisini nilikwenda na bakuli langu. Wasichana walinicheka, nikala mbele yao kijiko baada ya kijiko, nikiwatazama machoni. Kuna asubuhi nilizouchukia uji ule kama adui, na nikaunywa vivyo hivyo. Huo ndio niliouita ushindi sasa. Nikaanza na kuteka maji, kwanza nusu debe, baadaye debe zima, ili nyama inayokuja ije na nguvu zake. Siku zangu za mwezi ziliporudi nilimwita mama chumbani, akapiga kigelegele mpaka jirani akauliza nani amezaa.

Senene walipoanza kuruka, mama aliwakaanga kwa mafuta yao wenyewe, nikala nikijua muda umefika.

Safari hii kikapu kilijaa mchele, nyama, chumvi, na sukari niliyoificha chini kabisa. Kwenye kizuizi cha barabarani, mwanajeshi mmoja alizigeuza geuza karatasi za kaka kwa muda mrefu.

"Dada, weka chini hiyo," akaniambia mwishowe.

"Hapana nzito, afande," nikamjibu, na kikapu kikabaki kichwani mpaka akatupungia mkono tupite.

Kwa senga nilipiga magoti, nikakabidhi, nikainuka bila kushika kitu. Akasimama, akaweka kiganja kiunoni mwangu, akabonyeza kama wanawake wafanyavyo wanapotafuta kitambaa kilichofichwa ndani.

"Vikoi ngapi leo?"

"Kimoja, Senga."

Akabonyeza tena, upande wa pili, halafu akageukia jikoni. "Leteni chakula. Na ya huyu musipime."

Kuku wa safari hii nilimla mpaka kwenye mifupa, nikalipangusa jani kwa kidole. Senga alingoja nimalize, ndipo akamtazama kaka.

"Enda, ambia wazee yako watafute siku."

Kaka, polisi mzima, alitokwa na machozi mbele ya watu. Mimi nikaomba kipande kingine.