Mshale wa Kaskazini wa Nyumba ya Hansaben

Siku ya kwanza kazini sikupewa kalamu. Nilipewa mashine ya kunakili michoro, iliyotumia amonia na kunuka kama zizi, katika chumba kisicho na dirisha cha ofisi ya wasanifu majengo katikati ya Stockholm. Nilikuwa nimetoka Tanga kuja kusomea useremala kwa miaka miwili. Miaka ikaisha, mimi nikabaki. Usanifu sikuusomea darasani. Niliazima vitabu maktaba, na kwa futikamba nikapima kila chumba nilichoingia, hata vya watu walionialika chai.

Mchana wa siku ile Msimamizi wa Michoro, mzee mrefu mwenye penseli sikioni, alinikuta nimeinamia ramani ya jengo badala ya kuinakili.

"Kaskazini iko wapi?" akauliza.

Nikamwonyesha ukingo wa juu wa karatasi.

"Hapo ni juu ya karatasi. Mimi nimekuuliza kaskazini."

Akachukua penseli yake, akachora mshale mdogo pembeni, umelalia kushoto. "Huu ndio wa kwanza kuchorwa," akasema. "Kwa mkono wako, kila karatasi, kabla ya ukuta wowote. Usimwamini aliyechora kabla yako."

Ushauri ule ulinikaa vizuri kwa sababu tayari nilikuwa mtu wa shaka. Mhamiaji anayesoma barua za ofisi za serikali kwa kamusi hujifunza kusoma kila sentensi mara mbili. Miaka miwili baadaye nikahamishiwa meza ya michoro. Kisha nikaenda ofisi ya pili, katika mji jirani wa Södertälje, kuchora maghala chini ya Mkuu wa Mradi aliyekuwa akipima ukuta uliokwisha kujengwa, halafu akakutazama wewe badala ya ukuta. Kwake nilidumu miaka sita. Nilijifunza kuweka nakala ya kila kitu.

Ofisi yangu ya tatu, na ya mwisho, ilikuwa ndogo na ilichora nyumba za familia. Wakati huo tulishaacha penseli, tukachora kwa kompyuta. Wiki yangu ya kwanza pale nilitengeneza kiolezo, yaani karatasi tupu ya kompyuta yenye fremu, kisanduku cha jina la mchoraji, kipimo, na mshale wa kaskazini, vyote vikiwa tayari mahali pake. Kiliniokolea robo saa kwa kila mchoro. Nilijivunia kiolezo kile. Naomba kijana anayesoma haya akikumbuke.

Miaka mingi ikapita ndipo akaja Hansaben.

Alikuwa mjane wa Kihindi mzaliwa wa Kisumu, umri wake karibu na themanini, akiishi Rissne, kitongoji cha Stockholm, katika ghorofa aliyoilaumu kwa mambo mengi, kikiwamo kifo cha mumewe. Mwanawe Kirit alikuwa amenunua kiwanja cha mteremko Hässelby na kutaka nyumba ya orofa tatu kwa vizazi vitatu: mama chini, yeye na mkewe katikati, watoto juu. Walitaka kijani kila mahali. Paa liwe la mimea ile mifupi inayostahimili baridi, kuta za kusini zipandwe mmea mtambaa, na katikati ya nyumba pawe na uwazi wenye paa la kioo, na bustani chini yake.

Mama alikubali kuhama kwa sharti moja. Nyumba ifuate vastu, elimu ya Kihindi ya kupanga vyumba kwa pande za dunia. Jiko kusini-mashariki, upande wa moto. Chumba cha mwenye nyumba, yaani Kirit, kusini-magharibi, pazito. Kitovu cha nyumba kiwe wazi. Na chumba chake cha sala, ambamo picha ya mumewe ingewekwa, kiwe kaskazini-mashariki pasafi, wala maji machafu yasipite hapo.

Siku ya kwanza ofisini alinikagua toka viatu hadi miwani, kisha akanisemesha Kiswahili.

"Wewe ndiye fundi wa karatasi?"

"Ndiyo, Mama. Naitwa Athumani."

"Kirit anasema wewe ni mtu wa kwetu. Mimi watu wa kwetu nawajua. Ndio wa kwanza kuniuzia kitambaa kifupi."

Kirit akacheka kwa aibu. Yeye vastu hakuiamini. Mama alipokwenda kuvaa koti, Kirit aliniinamia. "Mzee Athumani, we chora tu vizuri. Mama akiona kila kitu kimenyooka, analala."

Maneno hayo niliyaweka akilini. Niliweka pia akilini kwamba kila mchoro ulipelekwa kwa simu kwa mtaalamu mmoja wa vastu aliye India, ambaye hakuwahi kukanyaga Hässelby, na kila mara alijibu kwamba ni sawa. Nilimshuku tangu mwanzo. Mtu anayekubali kila mchoro, ama hausomi, ama analipwa kukubali.

Tulipata kibali cha ujenzi. Mwamba ukalipuliwa, kokoto zikamwagwa, mabomba ya maji machafu yakalazwa, nondo zikaanza kufungwa. Jumanne iliyofuata lingemwagwa jamvi, yaani sakafu ya zege ya chini, na mabomba yangefunikwa moja kwa moja.

Ijumaa asubuhi nilikuwa nikipanga nakala zangu, kama nilivyozoea tangu Södertälje. Nikaweka mezani seti mbili za nyumba ileile, moja ya kibali na moja ya mteja. Katika seti zote mbili nyumba ilikaa vilevile kwenye karatasi, lakini katika seti ya kibali, iliyochorwa juu ya ramani ya manispaa, mshale ulilala kushoto digrii ishirini na sita. Katika seti ya mteja ulisimama wima.

Wachoraji huizungusha nyumba ili ukuta wake mrefu ulingane na ukingo wa karatasi. Si kosa, mradi mshale uzungushwe pamoja na nyumba. Huu haukuzungushwa. Na mtaalamu wa India alikuwa amesoma seti ya mteja.

Nikapiga hesabu. Vastu hugawa dunia pande nane, kila upande digrii arobaini na tano. Ukikosea ishirini na sita, kila chumba kinahamia upande wa jirani. Chumba cha sala kiliangukia mashariki. Kilichokaa kaskazini-mashariki ya kweli kilikuwa chumba cha kufulia, na bomba lake la maji machafu.

Nani aliunyoosha mshale? Kwanza nilimfikiria Kirit na lile neno lake, kunyooka. Kisha nikamfikiria Msanifu Mkuu, mwenye ofisi, aliyetia sahihi seti zote mbili siku moja. Nikafungua historia ya faili ili nimkamate mtu. Mshale haukuguswa na yeyote. Ulikuwa umesimama vile tangu karatasi ilipokuwa tupu. Ulitoka kwenye kiolezo, na kwenye kisanduku cha mchoraji zilikuwamo herufi za jina langu.

Kisha nikaenda kwa Msanifu Mkuu.

"Nyumba imekaa ilivyoidhinishwa," akasema bila kugusa karatasi. "Haivuji, haianguki, iko mbali na mpaka kama inavyotakiwa. Kosa liko wapi?"

"Chumba cha sala hakiko tulipomwahidi."

"Mwanawe amelalamika?"

"Hajui."

"Basi usiandike chochote. Nitaongea na watu wa bima kwanza. Wiki ijayo."

"Wiki ijayo zege litakuwa limemwagwa."

Akanitazama sana. Hadi leo sijui kama alikuwa ameuona mshale ule kabla yangu.

Alasiri ile nilipanda treni ya chini ya ardhi hadi Rissne. Hansaben alifungua mlango bila kuondoa mnyororo. Nilimweleza yote pale mlangoni, kutoka kiolezo hadi bomba.

"Kirit amekutuma?"

"Hapana, Mama."

"Basi ni mkubwa wako. Wanataka niseme vastu imeshindikana, niache, nyumba iwe ya bei rahisi."

"Hakuna aliyenituma. Kosa ni langu."

"Mtu akija mwenyewe kusema amekosea, mimi huuliza anaficha kosa gani kubwa zaidi." Mnyororo ukabaki pale pale. "Kesho. Kiwanjani, mapema. Nitapima mwenyewe."

Jumamosi saa mbili asubuhi Kirit alimleta, naye mwenyewe akiwa amenuna. Mama akatoa dira ndogo ya shaba, akaishika juu ya nondo. Sindano ikaenda huku, ikarudi kule.

"Unaona?" akaniambia. "Hata hii inakukataa."

"Chuma kinaivuta, Mama. Sogea mbali na nondo."

"Aa! Sasa nisogee unapotaka wewe?"

"Mama, jamani," Kirit akasema. "Hii dunia ina kaskazini ngapi?"

"Nyamaza. Niletee kijiti kilichonyooka na kamba."

Baba mkwe wa Mama alikuwa fundi mwashi Kisumu, na Mama aliwahi kumwona akipanga msingi bila dira. Akasimamisha kijiti mahali pa tambarare palipobaki wazi, mimi nikakipimia wima kwa timazi. Akafunga kamba, akachora duara kukizunguka. Kivuli cha asubuhi kilikuwa kirefu, ncha yake nje ya duara. Kadiri jua linavyopanda, kivuli hufupika hadi ncha iguse duara, na hapo hutiwa alama. Alasiri kivuli hurefuka tena na kugusa duara upande wa pili. Mstari unaounganisha alama mbili ni magharibi na mashariki. Jambo hili nilikuwa nimelisoma kitabuni. Sikuwahi kuona mtu akilifanya.

Alama ya kwanza tuliitia saa tatu. Mama aliichomekea mwenyewe msumari, kisha akaketi kwenye kiti cha kukunja pembeni ya duara na hakuondoka. Kirit alipomwita akale ndani ya gari, alikataa.

"Nikienda, huyu atausogeza."

"Na mimi nikienda, Mama, utausogeza wewe," nikasema.

Kwa mara ya kwanza akacheka. "Haya. Tulindane."

Tulilindana kwa muda wa saa saba na nusu. Tulikula chapati zake tukiwa tumeutazama msumari. Aliniuliza nilijifunza wapi kuchora, nikamwambia vitabuni. Akasema mumewe naye alijifunza kurekebisha redio hivyohivyo, na majirani hawakumwamini hata siku moja.

Saa kumi na nusu ncha ikagusa duara. Akachomeka msumari wa pili, tukavuta kamba. Nikaweka mchoro wake chini, ukuta sambamba na ukuta, nikapima pembe. Ishirini na sita. Nikampa kipimapembe asome mwenyewe. Alikisoma mara mbili. Kisha akamkabidhi Kirit, naye akasoma, akaacha kununa.

"Nyumba haiwezi kuzungushwa," nikasema. "Mpaka wa kiwanja hauruhusu. Lakini chumba cha sala na chumba cha kufulia vinaweza kubadilishana. Bomba lihame mita mbili na nusu, kabla ya Jumanne."

"Na jiko? Na chumba cha Kirit?"

"Hivyo vimehama upande, Mama. Siwezi kuvirudisha."

Akatazama bomba, akatazama misumari. "Jiko ni la mke wa Kirit. Hicho kimoja cha sala kiwe sawa."

Kirit akampigia fundi bomba pale pale. Jumapili nilichora upya karatasi nne, na kwenye kila moja nilianza na mshale, mmoja mmoja. Jumatatu bomba likahamishwa. Jumanne zege likamwagwa.

Msanifu Mkuu aliniita Jumatano. "Kwa mteja umefanya sawasawa," akasema. "Kwa ofisi hapana." Aliniondoa kwenye miradi ya wateja, akanipa kazi ya kupanga michoro ya zamani. Kabla sijagusa kitu kingine nilikifuta kiolezo changu, kisha nikafungua kila nyumba niliyoichora nacho, moja baada ya nyingine, kukagua mishale. Kazi hiyo ilichukua miezi minane. Ilipokwisha nilistaafu, mapema kuliko nilivyopanga.

Vijana huniuliza kama nasikitika. Nasikitika kwamba nilichunguza mikono ya watu wote kabla ya mkono wangu. Shaka ni chombo kizuri cha kazi, lakini mimi nilikuwa nimekielekeza nje tu.

Nakaa Hässelby, si mbali na ile nyumba. Mtambaa umefika orofa ya pili na paa hugeuka jekundu majira ya vuli. Mara moja kwa mwezi Hansaben huniita. Hunipitisha kwenye bustani ya katikati hadi mlango wa chumba cha sala, nami husimama nje nimevua viatu. Hapo huitoa ile dira ya shaba, huiweka sakafuni, hungoja sindano itulie, kisha hunitazama mimi.

"Leo iko palepale," husema.

Ndipo chai huja.