Sitalifuta Kovu la Mtoto Huyu

Admin, nifichie jina, maana shangazi yangu anaufuata ukurasa huu na husoma mpaka maoni. Mimi ni msichana wa miaka kumi na minane, nimemaliza kidato cha nne mwaka jana, naishi Kisauni. Ni mtu wa haya sana. Nikiitwa mbele ya wageni, hata abee hunikwama kooni. Lakini hili nitalisema, na sitalisema kwa kunong'ona.

Shangazi ana studio ndogo ya picha upande wa Mjambere. Nilipomaliza mtihani alinichukua nimsaidie, akaniachia watoto wote, kwa kuwa yeye hana subira nao. Yeye humkalisha mtoto kwenye stuli, akapiga makofi, akamwamrisha acheke, mtoto akaangua kilio. Mimi huketi sakafuni karibu na mlango, ambapo mwanga ni mpole, kamera ikawa sawa na macho ya mtoto, kisha nikanyamaza. Mtoto akiona hakuna anayemlazimisha kitu, uso wake huja wenyewe. Siku hizi kina mama wakifika na watoto waliovalishwa majoho ya chekechea huuliza kama yule msichana asiyesema yupo.

Kuna mtoto mmoja wa miaka sita, nitamwita Zuhura. Huletwa na nyanya yake kila mwezi. Mamake yuko Uarabuni, anafanya kazi za nyumbani, na picha humfikia kupitia simu ya studio kwa sababu simu ya nyanya ni ile ya kubonyeza tu. Mara ya kwanza nilipompiga picha, kabla sijafungua mdomo, aligeuka mwenyewe akanipa shavu la kulia. Nikamwomba anitazame. Akakataa kwa upole, kama mtu anayemfundisha mgeni kazi.

"Ni upande huu tu," akaniambia. "Huo mwingine mama hajauona."

Upande wa kushoto ana kovu la uji wa moto, kutoka shavuni hadi kidevuni. Aliungua mamake akiwa ameshasafiri. Nyanya hakumwambia. Alihofu mwanawe akijua atatoroka kwa tajiri anayemfanyia kazi, na pasipoti anayo huyo tajiri, akamatwe ugenini. Shangazi akakubali kumsaidia kuficha, na wote wakazoea, mpaka mtoto.

Mwezi uliopita mama akatuma ujumbe wa sauti. Nilikuwa peke yangu studio, nikausikiliza. Alizungumza taratibu, kama anayeogopa kusumbua watu: "Dada, nashukuru kwa picha. Lakini mbona mwanangu kila mara anatazama kando? Amenikasirikia? Naomba moja tu, anitazame."

Zuhura alipokuja nilimsikilizisha sauti ile. Alisikiliza hadi mwisho, akataka tena. Kisha akakaa mlangoni, akaondoa mtandio shavuni kwa mkono wake, akaielekea kamera moja kwa moja. "Haya, piga," akasema. Wallahi, sijawahi kupiga picha nzuri kama ile. Macho yake yalikuwa yakiongea na mtu.

Shangazi alipoiona aliniambia nisafishe shavu, yaani nilifute kovu, ndipo itumwe. Ni kazi ya dakika chache, simu inafanya yenyewe. Nikamwambia sitafanya. Ndiyo mara yangu ya kwanza kumkatalia mtu mzima.

"Eti hutafanya? Wewe mwana, juzi ulikuwa hujui kupokea salamu, leo umepata ulimi wa kunijibia?"

Akaisafisha mwenyewe, akamwita nyanya na watu wa nyumbani kwetu waliokuwapo waione. Zuhura aliishika ile simu akaitazama kwa muda. Akaniuliza mimi, si wao: "Huyu ni nani? Mama akirudi, atamtaka huyu?"

Nyanya yake akaanza kulia. Nilipomsogelea alinishika mkono akasema, "Mjukuu wangu, wewe waona picha. Mimi namuona mwanangu ndani ya jela ya watu." Maneno yale yaliniuma, na bado yananiuma. Yeye si mtu mbaya, ana hofu.

Nilimsihi angalau isitumwe hadi tuzungumze tena, akakubali. Shangazi ametoa siku hadi Ijumaa baada ya swala. Ama niitume ile iliyosafishwa, na kwa mkono wangu, ama nitoke studio nisirudi, naye aitume mwenyewe. Nyumbani wanasema nimuombe radhi, kwamba mtoto mwenye adabu hamjibizi mkubwa wake.

Radhi sitaomba. Nimeheshimu wakubwa maisha yangu yote, na heshima yangu haijaisha. Lakini siwezi kumfundisha mtoto wa miaka sita kwamba nusu ya uso wake ni aibu. Nikifukuzwa nitakaa mlangoni kwetu na simu yangu iliyopasuka kioo, na watoto watakuja.

Picha ya kweli ninayo. Nambari ya mamake pia ninayo. Kwa hiyo msinishauri kuhusu shangazi, hilo nimeshaliamua. Nishaurini hili moja tu. Je, nimtumie mama picha hii mimi mwenyewe, na nyanya anilaani? Au niendelee kumbembeleza nyanya amwambie kwa kinywa chake, huku Ijumaa ikifika na mama akitumiwa mtoto asiyekuwepo?