Mama Ute na Yai la Kanga Namba Saba

Saa mbili na robo asubuhi, mwandishi wa makala haya amesimama mlangoni mwa maabara, anatamba. “Navunja mayai tangu niko darasa la tatu,” anasema. “Kiini hakijawahi kunipasukia hata siku moja.”

Mwanamke aliyeinama mezani hacheki wala hainui uso. “Hongera,” anasema. “Vaa koti, funga vifungo, simama pale. Mikono mfukoni.”

Ana miaka arobaini na mitatu, na kwa miaka kumi na moja kazi yake ni kuvunja mayai. Si ya kuku. Ya kuku yamechunguzwa mpaka yamechoka. Yeye huletewa ya kware, ya bata mzinga, ya bata bukini, na leo ya kanga, ili watafiti wajue ute wa kila ndege umebeba protini zipi na kwa kiasi gani. Wenzake wanamwita Mama Ute. Alinuna wiki moja, akazoea.

“Watu wanadhani ute ni maji ya yai,” anasema. “Ungekuwa maji matupu, ungeganda kwenye kikaango? Kinachoganda pale ni protini. Ziko nyingi humo, na kila ndege ana mchanganyiko wake. Iko moja, kazi yake kupasua vijidudu. Ya kuku ni ya namna moja, ya bata bukini ni namna nyingine kabisa. Kazi ile ile, fundi mwingine.”

Mezani kuna mayai kumi na mawili ya kanga, madogo, rangi ya udongo, kila moja na namba yake kwa penseli. Analishika la kwanza na kuligonga kwa mgongo wa kijiko huku akilizungusha. Anagonga, anazungusha. Ganda la kanga ni gumu kuliko linavyoonekana.

“Hili halipigwi, linabembelezwa,” anasema. “Ukilipiga linakukatalia. Ukikasirika linakubali, lakini linakuja na kiini chake.”

Kiini ndicho adui. Nacho kina protini zake, na tone moja likiingia kwenye ute, majibu yanaharibika. Viini vyenyewe havina kazi hapa, kwa hiyo huvibeba nyumbani. “Watoto wangu wamekula viini mpaka mdogo akaniuliza kama mayai ya watu wengine nayo yana sehemu nyeupe.”

Leo hatanii sana. Mtafiti mkuu, anayeitwa Mkuu tu, ana barua mezani kwake ya kumpendekeza Mama Ute kwa kozi ya ufundi wa maabara. Mama Ute ameiomba mara tatu, na mara tatu ameambiwa cheti cha kidato cha nne hakitoshi, aonyeshe kwanza kwamba anaweza kuaminiwa na sampuli mwanzo hadi mwisho. Safari hii Mkuu amemwachia kanga peke yake. Sampuli zote zikitoka safi, anasaini. Mwisho wa kupokea barua ni leo saa kumi, na kanga hawatataga tena mpaka msimu ujao.

“Binti yangu naye anaanza chuo mwaka huu,” anasema. “Nataka tuanze pamoja, tuone nani atamwibia mwenzake kalamu.”

Baada ya yai la sita anafuata barafu chumba cha pili. “Usiguse kitu,” anasema. Koridoni, Shangazi, msafishaji wa jengo, anapiga deki na hana habari na mtu.

Ili kuokoa muda, mwandishi alimsaidia yai moja. Lilivunjika vizuri.

Mama Ute anarudi na ndoo ya barafu, anaona ganda. “Nilisemaje?”

“Nimekumalizia namba saba. Safi kabisa.”

“Kiini kilipasuka?”

“Hata kidogo.”

Anakiinua kichupa chenye ute wa namba saba kwenye mwanga, anakitazama kwa muda mrefu. Hana yai la akiba. Anaandika kwenye daftari, anaendelea na namba nane.

Kisha ute unatiwa kwenye kipande cha jeli na kupitishiwa umeme, kila sampuli na njia yake. Protini ndogo zinakimbia mbele, kubwa zinabaki nyuma, na rangi ya buluu inachora mstari pale kila moja ilipoishia.

Saa tisa na nusu Mkuu anaiweka jeli juu ya taa. Njia kumi na moja zinafanana. Njia ya saba ina mistari mitatu ya ziada.

“Hiki ni kiini,” anasema, na kufunika kalamu yake. “Nani alivunja namba saba?”

Mama Ute anaitazama jeli. “Daftari ni langu, Mkuu. Sampuli ni zangu.”

Mwandishi aliona huo ni wakati mzuri wa kukagua chaji ya simu yake.

“Simu ina chaji, baba,” inasema sauti ya mlangoni. Ni Shangazi, ameegemea fimbo ya deki. “Sema.”

Mwandishi anairudisha simu mfukoni, anaitoa tena.

“Basi nitasema mimi. Alilipiga ukingoni mwa meza mara mbili, mara ya tatu likamlipukia. Kiini akakizoa kwa kijiko, kilichobaki akakifyonza kwa kona ya kitambaa.”

Mkuu anazihesabu tena njia zile kumi na moja, moja moja, kwa ncha ya kidole. Anafunua kalamu, anasaini akiwa amesimama, anampa Mama Ute barua. “Kimbia. Una dakika ishirini.”

Mama Ute anatoka na koti lake mwilini. Mkuu anamgeukia mgeni. “Ni kweli?”

“Pengine Shangazi hakuona vizuri,” mwandishi anasema. “Alikuwa mbali.”

“Niliona,” anasema Shangazi. “Uligeuka, ukaniona, ukaweka kidole mdomoni ninyamaze. Kidole chenyewe kilikuwa cha njano.”